Pua ya Fundi Tveit

Mwezi wa kumi na moja Orvin Tveit alimpeleka mkewe, Ardis, nyumba ya wazee. Kosa la Ardis lilikuwa moja tu: alisema nyumba yao inanuka gesi. Alisema asubuhi, akasema jioni. Akishuka chumba cha chini kufua, anapanda kichwa kinampasuka. Mwishowe akawa analizima tanuru la kupasha nyumba joto, nje baridi imefika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Orvin akirudi kazini anamkuta jikoni kavaa makoti matatu, madirisha wazi.

Daktari aliuliza, "Gesi ipo?" Orvin akajibu haipo. Nani abishane naye? Nusu ya matanuru ya mji wetu huu wa Dakota Kaskazini ameyafunga yeye. Daktari akaandika kwamba akili ya mama imeanza kuchoka, basi.

Mimi ni Duane, fundi umeme. Miaka ishirini na miwili tumefanya kazi pamoja, yeye mabomba, mimi nyaya. Na niseme mapema, kabla hamjamchukia yeye peke yake: Ardis alinipigia simu na mimi. "Duane, hebu njoo unuse tu, dakika moja." Nikamwambia, "Shemeji, mumeo anamshinda mbwa kwa kunusa." Nikacheka. Alikata simu bila kuaga, nami nikaendelea kula.

Orvin alikuwa mkali kazini, ana mdomo mchafu na mikono safi. Wanagenzi walimwogopa. Akishakaza viungo vyote vya bomba, anapitisha pua kwanza, halafu anatoa chupa ya maji ya sabuni kutoka ndani ya ovaroli, kwenye tumbo, maana ukiiacha garini inaganda. Anapaka kila kiungo; gesi ikivuja, povu hutoka. Pasipo povu anafunga chupa yake na kuniambia, "Washa." Sijawahi kupandisha swichi kabla ya neno hilo, hata mwenye nyumba akilia kwa baridi.

Majira yale ya baridi, kila tukimaliza kazi, alikwenda kumwona Ardis na chupa ya kahawa na chapati za viazi. Alitaka jambo moja tu duniani, mkewe arudi.

"Anaendelea vizuri," aliniambia. "Tangu aende kule hajataja harufu hata siku moja. Daktari anasema akiendelea hivyo, Pasaka yuko nyumbani."

"Dawa zimemkubali," nikasema. Watu wazima wawili, mafundi wenye vyeti, tumekaa garini tunapongezana kwa ujinga.

Januari tukaitwa kwa Mama Brekke, mjane, tanuru lake limekufa. Tukamfungia jipya. Nilikuwa juu ya ngazi nimemaliza swichi, nyaya zangu zimekaa sawa, mweusi kwa mweusi, mweupe kwa mweupe, wa kijani umeshika chuma. Orvin yuko chini, kavalia makoti juu ya ovaroli, hakutaka kuyafungua kwa baridi ile. Akainama akapitisha pua. Akaniita, "Washa."

"Sabuni?"

"Nimenusa. Pako safi. Washa, bwana, mama anaganda."

Nikashuka hatua mbili kuchukua bisibisi yangu. Harufu ya mayai viza ikanipiga usoni mpaka macho yakatoka machozi. Orvin alikuwa amesimama katikati ya harufu hiyo, anajifuta mikono.

"Orvin, funga gesi."

"Kwani kuna nini?"

"Funga, nakwambia. Mama Brekke, toka nje, usiguse taa wala simu."

Alifunga akininung'unikia. Tulifungua milango, tukasubiri nje. Tuliporudi alitoa chupa, akafungua gesi kidogo, akapaka. Kiungo cha tatu kikatoka povu kubwa. Alilitazama. Akaweka pua pale pale kwenye povu, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Duane, inanuka?"

"Inanuka."

"Sana?"

"Orvin, inanuka sana."

Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Ndipo alipoanza kuhesabu: homa iliyomlaza miaka miwili iliyopita, kahawa aliyodai ni maji, mchuzi wa Ardis aliousukuma mezani akisema hauna ladha. Kisha akasema, "Ardis." Nilijua amefika wapi, na mimi nilikuwa nimefika huko huko. Akili yangu iliniambia nimshike bega. Sikumshika, nilikuwa na hasira naye, na mimi mwenyewe nilistahili sehemu ya hasira hiyo.

Tulikaza kiungo, tukapaka upya hadi povu likakosekana, nikamwashia Mama Brekke. Halafu tukaenda nyumbani kwa Orvin.

Nilipofungua mlango wa chumba cha chini niliisikia harufu, ndogo lakini ipo. Tanuru lake alilifunga mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kazini, harakaharaka, kwa kuwa ni kwake. Bomba laini alilipitisha kwenye tundu la sanduku la bati la tanuru, jambo ambalo mwanagenzi akilifanya anamtukana hadi mababu. Pale panatakiwa bomba gumu tu. Tanuru likinguruma bati linalikwaruza laini, siku baada ya siku, hadi linatoboka. Alipaka sabuni. Povu likatoka jembamba, likaendelea kutoka.

"Ardis alipiga simu kampuni ya gesi," akasema. "Mwezi wa kumi. Walikuja hadi mlangoni. Nikawarudisha. Nikawaambia mimi ndiye niliyewafundisha kazi."

Tulilitoa bomba lile, tukaweka gumu, akapaka sabuni, nami nikanusa.

Nyumba ya wazee tulimkuta Ardis dirishani, anafuma soksi. Orvin hakuvua hata kofia. Alimwambia yote, bomba, pua, homa, hakujitetea kwa neno. Alisema, "Gesi ilikuwepo, Ardis. Ulikuwa sawa. Nimekuja kukuchukua."

Ardis aliendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari.

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nilifika mahali nikainusa na nikajiambia sinusi. Unajua kazi ya kufanya hivyo?" Hakupandisha sauti. "Nililala humo nikisubiri ulipuke mwenyewe na nyumba yako, ili uone."

"Nimetengeneza. Duane amenusa. Twende nyumbani."

Alinitazama mimi kidogo, kisha mumewe.

"Juzi nilisema ukumbini kunanuka moshi," akasema. "Mkate tu ulikuwa umeungua. Lakini wasichana wawili walikuja mbio, wakanusa kila mahali, wakaniambia asante mama." Akaanza mstari mwingine wa soksi. "Nenda, Orvin. Mimi nitakaa hapa."