Betri Tatu za Shemeji

Studio yake ya picha ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti cha kuzunguka na taa mbili zilizofunikwa kitambaa cheupe. Watu walimwita Kidevu, kwa sababu kwa miaka ishirini na tatu hakuna aliyekaa kwenye kiti kile bila kuambiwa, "Inua kidevu." Aliwaambia maharusi, wazee, watoto wachanga wasiokuwa na shingo bado, na hata polisi mmoja aliyekuja na uso wa kukamata mtu.

Jambo la pili lililomtambulisha ni poda. Kidevu hakuvumilia uso unaong'aa. Kila mteja alipakwa poda kidogo puani na kwenye paji la uso, kwa vidole vya Kidevu mwenyewe, maana sifongo, alisema, haina akili.

Kaunta ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke makini aliyeandika majina ya wateja na kuchaji betri tatu za kamera. Walitaniana tangu kufungua mlango hadi kuufunga.

Wiki ile utani uliingia mchanga. Kidevu anaweka betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi, anapiga picha mbili, alama ya betri inageuka nyekundu, kamera inajizima. Anaitoa, anairudisha, inapona kwa picha nne, inaanguka tena. Siku ya Jumatano benchi lilikuwa na wateja sita, wengi wao wauguzi wahitimu waliofuata picha za vitambulisho. Kamera ilipojizima mara ya tano, uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji, betri inachomolewa ukiona taa ya kijani, siyo ukisikia njaa."

Benchi likacheka. Shemeji hakucheka. Alisema taa ya kijani aliisubiri, kama siku zote. Kidevu, kicheko cha watu bado kikimpigia masikioni, akasema Ijumaa kuna picha ya pamoja ya wauguzi hamsini. Betri zikiisha mbele yao, Jumamosi atafute kaunta nyingine. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lakini mtu aliyekwisha kuchekesha watu huona aibu kurudi nyuma, naye akayaacha maneno yasimame.

Nyumbani mkewe alimuuliza kama ana uhakika. Akajibu kwamba kamera haijui kusema uongo. Mkewe akasema hata mdogo wake hajui, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi shemeji hakubishana. Aliandika moja, mbili na tatu kwenye vipande vya karatasi, akaibandikia kila betri kipande chake, akazichaji zote, kisha akazipeleka kwa fundi redio wa mlango wa pili. Fundi akazipima kwa mita yake, akaja naye hadi studio.

"Mzee, hizi zote zimeshiba," alisema, akielekeza kidole kwenye kamera aliyoivaa Kidevu. "Mgonjwa unaye shingoni."

Kidevu alikaribia kuilaumu mita, akajizuia. Akaweka betri ya kwanza: picha tatu, nyekundu. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Shemeji akaichukua kamera, akafungua kifuniko cha betri, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Vile vichuma vidogo vinavyogusana na betri vilikuwa vyeupe. Akapitisha kijiti chenye pamba, akanusa, akamsogezea Kidevu.

Kilinukia waridi. Poda.

Kidevu akatazama vidole vyake. Alikuwa akimpaka mteja poda, akibadilisha betri, akimpaka mwingine, bila kunawa wala kujifuta. Na kila onyo jekundu lilipowaka, aliitoa betri na kuirudisha kwa vidole vilevile, akiiongezea kamera ugonjwa huku akidhani anaitibu.

Shemeji akasugua vichuma vya betri kwa kifutio cha penseli, mbali na kamera. Ndani ya kamera akapitisha pamba yenye spiriti kidogo, wakaacha pakauke. Kidevu akapiga picha thelathini za ukuta. Alama ilibaki imejaa.

"Nisamehe, shemeji," alisema.

"Nimekusamehe. Lakini benchi halijasikia."

Ijumaa wauguzi hamsini walijipanga kwenye ngazi za chuo chao, wamevaa meupe. Kidevu alikuwa amenawa mikono hadi kwenye viwiko. Alijiambia atapiga picha kwanza, mengine baadaye. Ndipo muuguzi mmoja wa lile benchi akauliza kama leo betri zimekula, na macho yakamgeukia shemeji aliyesimama kando na betri zake tatu.

Kidevu akashusha kamera.

"Betri zilikuwa nzima tangu mwanzo," alisema. "Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vichafu. Nilimsingizia shemeji yangu mbele yenu, na mbele yenu nayafuta maneno yale. Kaunta ni yake, kama bado ananitaka."

Kisha sauti ya safu ya nyuma ikasema kwamba wao somo la kwanza kabisa walilofundishwa chuoni ni kunawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wote wakaangua kicheko. Kidevu naye alicheka, ila akiwa ameinamisha kichwa.

"Inua kidevu, shemeji," mwanamke wa kaunta akasema. "Watu wanangoja picha."

Akakiinua, akabonyeza. Hakuna aliyepakwa poda siku ile. Katika picha nyuso zote hamsini zinang'aa, na zinacheka bila kuombwa.