Jina Nililomwombea Kaburini

Binti yangu alifia hospitalini, Machakos mjini, kabla hatujamfikisha nyumbani Kathiani kupewa jina. Kwetu wanawake wa boma la baba ndio hutoa jina, na msichana wa kwanza huchukua la nyanya yake. Sasa alirudi ndani ya boksi dogo lililofunikwa leso, na kabla sijaketi, Mwaitu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, alikuwa ameshaamua.

"Huyu hana jina. Azikwe nyuma ya migomba, kimyakimya. Hakuna maombi, hakuna kulia kwa sauti."

"Jina liko, Mwaitu. Ni lako."

"Langu? Mnataka kunizika nikiwa bado natembea?"

Shangazi wa mume wangu akacheka puani. "Mmeona shida ya kuoa aliyemaliza fomu foo? Kusoma wanajua, kunyamaza hawajui."

Maziwa yalikuwa yananivuja mpaka tumboni, blauzi imenishika mwilini, na hawa watu wananifundisha kunyamaza.

Nilitaka kitu kimoja tu: mtoto wangu akabidhiwe Mungu kwa jina. Si kwamba Mungu hamjui. Anamjua. Mimba nzima, nikiamini ni msichana, nilimwombea kwa jina hilo, nikifua, nikipalilia maharagwe, lakini moyoni tu, kwa sababu mke hatamki jina la mama mkwe wake. Nililiweka kwa Mungu mahali ambapo hakuna mtu angelisikia. Sasa nimrudishe kwake kama mzigo uliookotwa steji ya matatu? Hapana.

Shimo lilipokuwa tayari, mzee wa kanisa alimtazama Mwaitu kwanza, ndipo akafungua Biblia. Alitaka kutusaidia bila kumuudhi mwenye boma.

"Tuombe kwa kifupi. Bwana, tunakuletea hiki kiumbe..."

Kiumbe!

"Ngoja, mzee," nikasema. "Nitaomba mwenyewe."

"We msichana, keti," Mwaitu akasema. "Usithubutu."

Mume wangu akanishika mkono. Kama alitaka kunizuia au kunitegemeza sijui, na mpaka leo sijamwuliza.

Nikafumba macho. "Mungu, nimekukasirikia, na unajua. Nilikuomba umwache aishi, ukakataa. Sielewi, na usinitumie mtu wa kunieleza. Lakini sina mwingine wa kumpa mtoto wangu. Ningekuwa naye ningemwendea. Ni wewe tu, na nakuamini hata nikiwa na hasira hivi. Mpokee."

Nikalitaja jina. Lote, kwa sauti, mbele ya mwenye jina.

Jembe la mtu likaanguka. Nilikaza shingo nikingoja kofi, macho nimeyafumba, na moyoni narudia tu: mpokee, mpokee.

Kofi halikuja. Nilipofumbua macho, Mwaitu alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa shimo, kitambaa kimemteleza kichwani. Mimi hakunitazama kabisa. Alikuwa anatazama chini.

"Nyinyi," aliwaambia wachimbaji. "Hapo upande wa kichwa mmeacha jiwe. Mtamlaza mwenye jina langu juu ya jiwe?"

Mmoja wao akashuka kulitoa. Ndipo nikasema amina.