Nilichukua Namba ya Katikati

Ijumaa, mwezi wa kwanza, Riyadh. Kumekucha na baridi kavu ya kupasua midomo, jua limetoka lakini halina kazi, na upepo unasukuma vumbi kutoka jangwani.

Naandika huku masikio bado yananiwaka, maana leo nimejiaibisha mbele ya wanaume wazima waliovaa kanzu safi, na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa labda ningepumua.

Nianze kwa kumpa kila mtu haki yake. Baba, bosi wangu ninayemwendeshea gari Jeddah, pale Aziziya, si mtu mbaya. Ugonjwa wake ni mmoja tu, kulenga shabaha kwa bunduki, yale mabati ya chuma yanayosimamishwa mbali mpaka kwa macho matupu huyaoni, na kwa kuwa mie nilifika kidato cha pili na Kiingereza cha kusoma simu ninacho (cha kuongea mafi, hakuna), akanifanya mtu wa kumsomea namba. Risasi ikienda mbali inashuka, kwa hiyo kabla ya kupiga unaiambia simu umbali, joto na presha ya hewa, nayo inakwambia uzungushe kidude cha darubini ya bunduki kiasi gani ili uinue mlengo. Kazi yenyewe ni hiyo.

Sasa programu zilikuwa mbili. Moja Baba aliinunua mwenyewe. Ya pili ni ya bure, iliyosifiwa na shemeji yake, Bwana Mansur wa hapa Riyadh, ambaye ni kaka wa madam, na hao wawili wanashindania kila kitu, hata nani ana tende tamu. Baba akaniambia nizilinganishe. Tukawa tunakwenda uwanja wa shabaha nje ya Jeddah, huku nachungulia hii, huku nachungulia ile, na wallahi zilikuwa kama mapacha. Nikamwambia zote nzuri. (Ndivyo nilivyo, hata ukinionjesha chai mbili nitasema zote nzuri.)

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Mama yangu yuko Tanga, sukari imemharibu mguu, madaktari wanataka kuukata na yeye amegoma, kasema haukatwi mpaka Hamisi aje. Dada yangu Mwanahawa kila akipiga simu ni hilohilo, "Kaka, kidonda kinapanda, njoo umwambie, wewe ndiye anayekusikia." Na Baba alikwishaniahidi kwamba tukimaliza mashindano haya ya Riyadh ananitolea viza ya kutoka na kurudi, maana huku huondoki bila ruhusa ya bosi.

Basi leo tukawa uwanjani kwa Bwana Mansur, nje ya mji, naye ndiye aliyetulaza kwake jana. Mabati matatu, kila bati risasi moja. Bwana Mansur akapiga mawili. Ikaja zamu ya Baba, akalala kwenye mkeka, nami nikalala kifudifudi pembeni yake na simu mbili mkononi, nikaingiza mambo yote kama kawaida, nikatazama. Hazipatani! Ile ya kununua inasema inua kidogo, ile ya bure inasema inua sana.

"Yalla ya Hamisi, namba!" Baba akanihimiza.

Nikaganda. Nikisoma ya Baba akakosa, nimemuumbua. Nikisoma ya shemeji akapata, nimemuumbua vilevile. Sasa kwetu Tanga, mtaa wa Chumbageni, mimi ndiye niliyekuwa naitwa mpangaji na mwenye nyumba wakishikana mashati, na dawa yangu ilikuwa ileile siku zote, wewe punguza, wewe ongeza, kutaneni katikati, peaneni mikono. Watu walinisifu kwa hilo, labda ndiko nilikoharibikia. Nikatafuta namba iliyo katikati ya zile mbili, nikamsomea.

"Zote mbili zinasema hivyo?" Baba akauliza.

"Zote, Baba."

Paa! Tukasubiri mlio wa bati. Kimya. Mtu wa kuangalia risasi inapopiga akasema, "Imepita juu." Baba akanigeukia, "Una hakika?" Nikasema nina hakika, maana mdomo ulikwishatangulia na sikujua kuurudisha. Bati la pili, juu. La tatu, katikati yangu ileile, juu tena, na mgeni mmoja akampazia Baba sauti, "Abu Saleh, mabati yako chini! Unawinda ndege?" Wakacheka.

Baba akainuka, akajipangusa vumbi, halafu akasema neno ambalo hata mimi mgeni najua halisemwi mbele ya mwenyeji wako: "Darubini yangu imechezewa. Jana bunduki hii ililala kwa nani?"

Kicheko kikakatika. Bwana Mansur hakupiga kelele. Akaweka kikombe cha kahawa chini, akaja, akaziomba simu.

"Hii inasema hivi, hii inasema vile," akasema. "Wewe umepiga kwa namba gani?"

Baba akaitaja.

"Haimo humu. Imetoka wapi?"

Wote wakanitazama.

"Nilichukua ya katikati," nikasema.

"Katikati ya nini?"

"Ya programu, bwana. Ili isionewe hata moja."

Walicheka mpaka mmoja akashika goti la mwenzake. Bwana Mansur akanieleza, na kwa upole: ile ya kununua ilipima presha ya hewa pale tulipolala, ile ya bure ilichukua presha ya kwenye habari za hali ya hewa, ambayo huhesabiwa kana kwamba uko usawa wa bahari. Jeddah ni baharini, ndiyo maana zilipatana. Riyadh iko juu, hewa nyepesi, risasi haishuki sana. (Na programu ya bure nayo tusiionee, kuna kitufe cha kurekebisha hilo, sikukiwasha mimi.) Kwa hiyo ya Baba ilikuwa sawa, ningeisoma ilivyo bati lingelia. Baba akamwendea shemeji yake, akambusu kichwa kumwomba radhi mbele ya wageni wote. Sikuweza kutazama.

Kwenye gari, tunaingia mjini, Baba akaanza.

"Ya Hamisi, namba si neno. Nilikuuliza kama zote zinasema hivyo."

"Ndiyo, Baba."

"Kesho ukiniambia utarudi kutoka kwenu, nitajuaje? Viza, halas, basi. Tutazungumza baada ya Idi."

Nimelitafuta kosa lake kwenye maneno hayo, sijaliona.

Jioni nikaingia jikoni kwa Bwana Mansur. Rehema, mpishi wao, Mkenya, habari zilikwishamfikia.

"Aki Hamisi! Si basi na mimi niweke chumvi nusu sukari nusu kwa chai, ndio hakuna mwenye anaonewa?"

Aliponiona usoni akanivutia kiti. Nikampigia Mwanahawa, nikamwambia siji. Akampa Mama simu.

"Bosi wako amekasirika?" Mama akauliza.

"Nimemdanganya, Mama."

Nikasikia feni ya chumbani kwake. "Basi waukate," akasema. "Usiombeombe watu kwa ajili ya mguu."

Nimeapa, mtu akiniuliza kitu nisichokijua nitasema sijui, hata akinifukuza palepale. Naandika tu, sijui kama nitaweza.

Wageni walikula kondoo mzima. Sisi wa jikoni tulikula wali uliorudi kutoka sebuleni, na dengu alizopika Rehema. Nilimaliza sahani yangu, na niliona aibu kwamba nilikuwa na njaa.