Mjane Aliyekuja Zahanati na Mumewe

Kwanza nieleze kadi ilivyokuwa, maana usipoielewa kadi hutaelewa yaliyompata jirani yangu.

Zamani zahanati yetu ya Zombo ilitibu watu bure, na dawa hazikuwepo. Likaja soko huria, matibabu yakawa ya kuchangia: unalipa kila unapougua, na dawa zikaendelea kutokuwepo. Tofauti ni kwamba sasa ng'ambo ya barabara palifunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, na humo dawa zilikuwepo zote. Ndipo wakubwa wakatuonea huruma, wakaleta kadi. Kaya inalipa mara moja, inatibiwa mwaka mzima. Na kaya, tulielezwa kwenye semina ya Mikumi yenye soda na posho, ni baba, mama mmoja na watoto wao. Picha yao inabandikwa kwenye kadi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa nilizoea kurudia jambo bila kukasirika, kamati ya zahanati ilinipa kazi ya kuwaelimisha wananchi. Nilirudia kweli.

Jirani yangu alikuwa mfugaji mwenye wake wawili. Mke mkubwa, aliyetuletea maziwa asubuhi, alikuwa na pumu, na masika yale ilimbana kuliko masika yote. Akizidiwa, mumewe alilipa zahanati, kisha akavuka barabara akalipa dukani, na mbuzi wakawa wanapungua zizini. Nikamsihi akate kadi kabla kifua cha mkewe hakijamshinda. Akakubali, akaipeleka familia Mikumi kwa mpiga picha.

Kadi ilipotoka alikuja kunionyesha. Baba yumo, watoto wamejipanga, na katikati ameketi mke mdogo, mjamzito, anacheka.

"Mwalimu, tumetumia akili," jirani akasema. "Mkubwa ameshamaliza kuzaa. Huyu ndiye mtu wa hospitali."

Nikamweleza taratibu kwamba wajawazito na watoto wadogo hutibiwa bure hata bila kadi. Alikuwa amemlipia mtu ambaye serikali ilikwisha kumsamehe.

"Bure?" mke mdogo akadakia. "Bure ile ya kwenda na glavu zako, wembe wako na mafuta ya taa ya kummulikia daktari?"

"Hiyo hiyo."

"Basi siku nyingine, mwalimu, anza na hilo."

Nilikuwa nimeanza na hilo. Ila mikutano yetu huanza watu hawajafika.

Tukaenda wote kwa mwenyekiti wa kamati. Baada ya shikamoo na marahaba, jirani akaomba kununua kadi ya pili kwa ajili ya mke mkubwa. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Mkuu wa kaya haingii kwenye kadi mbili.

"Mwenyekiti, mlipojenga zahanati hii mlinichangisha kaya mbili. Mlisema kila nyumba ya mke ni kaya."

"Ule ulikuwa mchango wa ujenzi. Hii ni afya."

"Kwa hiyo kwenye kutoa mimi ni kaya mbili, kwenye kupewa ni moja?"

"Sasa umeelewa," mwenyekiti akasema, akifurahi kama ninavyofurahi mimi mwanafunzi wangu anapopata hesabu.

Mke mkubwa alikuwa kwenye benchi, mabega yakipanda na kushuka, maneno hayatoki. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimtazama, akafungua tena kitabu cha taratibu, akasoma kwa kidole, na uso ukamchangamka. Kaya inaweza kuongozwa na mwanamke, mradi awe mjane.

"Mama, mumeo alifariki lini?" akauliza.

Mke mkubwa akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama ameegemea fimbo. Akavuta pumzi. "Muulize mwenyewe."

"Andika masika haya haya," marehemu akajibu. "Kiangazi nilikuwa Lumuma kwenye ng'ombe, watu waliniona."

Alihitajika shahidi anayemfahamu mjane vizuri. Marehemu akaweka dole gumba, akalipia kadi, akamshika mkono mjane wake hadi kwa daktari.

Nataka niwe mkweli kuhusu kadi ile: ilifanya kazi. Hawakudaiwa kitu zahanati. Daktari alimsikiliza kifua kwa makini, akampa pole kwa msiba, akaandika jina la dawa kwa mwandiko safi, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Tukavuka. Jirani akatoa fedha mfukoni, zile zile ambazo angezitoa bila kadi. Mkewe akameza vidonge palepale kwa maji ya kuomba, akakaa kwenye ngazi ya duka. Mumewe akachuchumaa mbele yake, akimwangalia kifua, hata mzaha ukamwisha. Tulikaa hivyo mpaka mabega yale yakaanza kutulia.

Alipopata pumzi ya kutosha sentensi ndefu, aliitumia yote kumsema mwenye duka kuhusu bei, na alipomaliza akavuta nyingine akaendelea. Jirani yangu akainuka, akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akanunua soda. Hakumkatiza hata mara moja.