Polepole hadi Bafwasende

Mtu akikupigia simu kutoka mbali akakuambia baba yako ni mgonjwa sana, uje, utajuaje kama ni mgonjwa kweli?

Mahali pengine swali hilo lingeonekana la kipumbavu. Kisangani lina maana yake. Kwetu habari ya kifo haipiti kwenye simu. Anayekufa mbali na nyumbani hutangazwa kuwa mgonjwa, kisha mgonjwa sana, kisha unaitwa, na ukishafika ndipo unaonyeshwa maiti au kaburi. Kila mtu anaujua utaratibu huo. Anayepokea ujumbe hujifanya hajaelewa, huku akituma watu kuazima viti. Shangazi yangu alifia Isangi akiwa "mgonjwa kidogo". Nilikuwa mdogo, nikamwekea embe, na hakuna mtu aliyenikataza.

Simu ilitoka Bafwasende. Papa, baba yangu, alikwenda huko kuchimba dhahabu nilipokuwa sekondari, akisema ni kwa msimu mmoja tu. Misimu iliongezeka. Kila mwaka alisema atarudi, na kila mwaka shimo lilikuwa karibu kutoa kitu. Nilimaliza chuo kikuu bila yeye kuona. Sikutaka anipe chochote. Nilitaka kukaa mbele yake nimuulize kwa nini hakurudi, anijibu kwa mdomo wake. Kwa hiyo nilihitaji kumkuta hai.

Aliyepiga ni mama jirani yake.

"Papa yako iko mgonjwa sana," alisema, akaniita nije. "Ukuye."

"Anaongea?"

"Ukuye tu, mama. Usiulize sana." Kwetu hata binti huitwa mama.

Mtandao ukakatika. Nilipiga tena hadi mchana wote ukaisha, na simu yake haikupatikana.

Nilipotoka chumbani, mama yangu alikuwa tayari ameketi chini uani, miguu ameinyoosha. Majirani wanawake walikuwa wakiingia bila kusalimia, kila mmoja na mkeka wake.

"Kwa nini munakaa chini?" niliwauliza.

"Tumechoka tu."

"Nani amekufa?"

"Nani alisema kufa?" Mmoja wao alinitazama kama nimetukana. "Papa yako iko mgonjwa. Hukusikia?"

Vijana wa mtaa walifunga turubai kati ya ukuta na mpapai. Nikauliza turubai ni ya nini. Wakasema ni ya mvua. Angani hapakuwa na wingu hata moja.

Nilijaribu kubishana. Nilisema: kama neno moja linatumika kwa mgonjwa na kwa marehemu, basi neno hilo haliwezi kutuambia yupi kati ya hao wawili tunaye. Inawezekana ni mgonjwa tu. Mama alisema, "Mutoto wangu, nyamaza." Hakukasirika. Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoanza kunivunja.

Wa kunipeleka alikuwa tonton, mdogo wake mama. Alikuwa motard, dereva wa pikipiki wa njia ndefu. Hakupakia watu wa sokoni wala wanafunzi, alipakia wasafiri wa kwenda Bafwasende na hata mbele zaidi. Aliipenda barabara ile kuliko watu wengi aliowajua. Alikuwa na ndoto ya kubeba watalii. Zamani, tukiwa na furaha, nilimwonyesha kwenye simu video za watu wanaozunguka nchi nzima kwa pikipiki, wamevaa ngozi na kofia ngumu, wanasimama kila kwenye mandhari nzuri. Alicheka hadi akakaa. "Bazungu banalipa kwa kuteswa na njia? Basi bakuye huku. Huku njia itabatesa bure, na uzuri juu yake." Tulikubaliana kwamba siku moja atanipeleka hadi Bafwasende kwa starehe, polepole, tukisimama kila mahali.

Asubuhi alikuja na pikipiki imeoshwa. Nyuma alikuwa amefunga jerikani ya mafuta kwa mipira ya tairi kuukuu, na juu ya kiti amelaza kipande cha godoro kwa ajili yangu. Mbele, kwenye usukani, alikuwa amefunga tawi la majani mabichi.

Tawi hilo Kisangani haliulizwi. Pikipiki yenye tawi inakwenda matangani.

Nikauliza. "Tonton, tawi ni la nini?"

"Ya barrière. Batatuacha tupite mbio."

"Kwa sababu kwenye vizuizi watadhani tuna kifo."

"Bon, panda."

Motard anayembeba mfiwa hakimbizi pikipiki. Ni sheria yao, wanaishika kuliko sheria ya kofia: anayekimbilia maiti huongeza maiti ya pili. Maiti haiondoki, husema. Sikujua sheria hiyo bado. Niliona tu kwamba tonton, ambaye siku nyingine hupita malori kama hayaoni, alikuwa akiendesha kama amebeba mayai. Kila shimo alilizunguka. Kila mteremko alizima injini na kuacha pikipiki iteleze yenyewe, na katika kimya hicho nilisikia ndege, na maji mahali fulani chini ya majani.

Siwezi kusema uongo juu ya njia ile. Ni nzuri. Ardhi ni nyekundu, na msitu umesimama pande zote mbili kama umesukumwa nyuma kwa mikono. Kuna sehemu mianzi imeinama kutoka huku na huku ikakutana juu, na unapita chini yake katika mwanga wa kijani. Kwenye madimbwi vipepeo weupe na wa njano wamekaa kwa wingi hivi kwamba unadhani mtu ameangusha karatasi, kisha pikipiki inapita na karatasi zote zinaruka usoni. Niliyaona yote hayo. Sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Wanaume wa kijiji walikuwa wakijaza mashimo kwa mawe na kuwaomba wapita njia chochote. Mmoja alimtambua tonton kwa mbali.

"Hee, pikipiki hii haijakufa tu? Tulisema itakuzika!"

Kisha akaliona tawi. Akaondoa kofia. Wenzake wakashusha kamba.

"Pole, mama," aliniambia.

"Papa yangu iko mgonjwa," nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ndiyo," alijibu taratibu. "Mgonjwa. Pole sana."

Tulipofika mbele kidogo nilimpiga tonton begani. Nikamwambia aendeshe haraka. Nikapiga tena. Akasimamisha pikipiki katikati ya barabara, akashusha mguu.

"Tunakimbilia nini?" aliuliza.

"Na kama ni mgonjwa tu? Umewahi kufikiria? Kama yule mama alimaanisha alichosema?"

"Weye unapendaka kubisha kila kitu. Mungu, unabisha. Serikali, unabisha, na hapo niko nyuma yako. Sasa unabisha hata simu."

"Nijibu tu, tonton."

Aligeuka akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilielewa kwamba alikuwa amelia chini ya kofia tangu tulipotoka mjini. Yeye na papa walikua pamoja karibu na maporomoko ya Kisangani, kabla papa hajawa shemeji yake. Walivua pamoja kwenye maji yale makali.

"Mutoto yangu," alisema, "uko mutu mukubwa. Donc, unajua."

Ndiyo, nilijua. Au nilijua kama wote walivyojua. Ukiwa peke yako upande mmoja, na upande wa pili yupo mama yako, majirani, wajaza mashimo, na mtu aliyempenda baba yako kabla wewe hujazaliwa, shaka yako inaanza kuonekana kama utoto. Nilishuka, nikakaa kando ya barabara kwenye majani yenye unyevu, nikalia. Tonton alisimama karibu, akimfukuza nyuki mmoja asinikaribie. Niliponyamaza alinipa maji. Kuanzia hapo sikumwambia tena aharakishe.

Ndivyo safari yetu ilivyogeuka kuwa ile tuliyokuwa tumeahidiana. Alinisimamisha kwenye daraja la chuma ili nione mto unavyojigawa kwenye mawe. Alinionyesha mti ambao motard wote husimama chini yake mvua ikinyesha, na njia ndogo ya kwenda kwenye maporomoko ambako alipanga kuwapeleka watalii wake. Tulitembea mpaka huko. Maji yalikuwa yakianguka kutoka kwenye mwamba mweusi, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Hapa bazungu batalia," alisema.

"Sisi tumeshalia."

Akacheka, nami nikacheka, halafu tukaona aibu.

Katika kijiji kimoja tulinunua liboke, samaki aliyechomwa ndani ya majani, na kwanga, mkate wa muhogo. Mama aliyetuuzia aliliona tawi akaongeza kipande. Tonton alinisihi nile. "Kwa matanga hutakula. Kula huku." Nilikula. Nilimaliza samaki mzima na kulamba vidole.

Mvua ilitukuta kwenye sehemu ambayo malori yalikuwa yamezama hadi milangoni. Abiria wao walikuwa wamewasha moto wakipika pondu, yaani kisamvu, wameshazoea, wengine wamejenga vibanda. Pikipiki zilipita pembeni, zikisukumwa. Siku nyingine tonton angepita. Siku hiyo alisema tungoje matope yakauke, kwa sababu mfiwa hapaswi kuanguka njiani, na mimi nilikubali. Tukalala kwa watu wa kanisa. Kulipokucha alisafisha plagi, akapaka mnyororo mafuta, akakaza kila skrubu mara ya pili. Nilimtazama bila haraka yoyote. Huzuni yangu ilikuwa imeshatulia mahali pake, na kuna wakati nilijikuta nikihesabu aina za vipepeo.

Tuliingia Bafwasende alasiri, tukiwa wekundu kwa udongo kutoka kichwani mpaka miguuni. Uani kwa papa watu walikuwa wameketi. Wanawake waliponiona walipiga kelele, wakanikumbatia, tukaanguka pamoja. Hapakuwa na aliyelazimika kuniambia chochote. Yule mama jirani alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi.

Udongo ulikuwa mbichi. Nikaona hilo. Mimi ni mtu wa kuona mambo kama hayo.

"Alikufa lini?" nilimuuliza.

Alimtazama tonton, aliyesimama nyuma yangu na kofia mkononi. Kisha akanitazama mimi.

"Siku ile ya simu," alisema. "Hakuteseka."

"Udongo bado ni mbichi."

"Mvua, mama. Hapa kulinyesha sana."

Kweli kulikuwa kumenyesha. Jibu lililingana na yote tuliyojua, na nilikuwa nimechoka. Tonton alipiga magoti akaweka mkono juu ya udongo. Alisema, "Ona sasa. Hakukuwa na haraka." Aliniambia hivyo kwa upole ili nisijilaumu, na nilimshukuru.

Tulirudi Kisangani. Tonton hakuzungumza tena juu ya watalii. Aliendelea na njia ile hadi mgongo ulipomshinda, kisha akauza pikipiki. Swali langu kwa papa nilibaki nalo. Nimejaribu kulijibu mwenyewe kwa njia nyingi, kama mtu aliyesoma. Naweza kueleza jinsi shimo linavyomshika mchimbaji, jinsi aibu ya kurudi mikono mitupu inavyokua kila mwaka. Ni maelezo mazuri. Yangeweza kuwa ya mtu yeyote.

Miaka ilipita. Tonton naye alifariki, hapa mjini, mbele ya macho yetu, kwa hiyo hatukuhitaji kuambiana chochote. Baada ya mazishi yake, yule mama jirani wa Bafwasende alikuja Kisangani kutibiwa macho, akafikia kwetu. Alikuwa amezeeka. Tulikaa jikoni tukichambua pondu, na alikuwa akimsifu tonton, jinsi alivyoinama kaburini siku ile.

"Ndiyo maana sikuweza kusema," aliongeza.

"Kusema nini?"

Alidhani nilikuwa najua. Alidhani kwamba kwa miaka yote hiyo mtu mwingine alikuwa ameshaniambia.

"Mulikuya mukiwa mumelia tayari," alisema. "Nikaona mumelia mukamaliza. Nikasema, bon, tuache vile."

Niliweka kisu chini. Nilimuuliza tena swali lile lile nililomuuliza kaburini, naye safari hii alijibu. Siku ile ya simu papa alikuwa mgonjwa sana, hivyo tu, kama alivyoniambia. Mawasiliano yalikatika kwa sababu betri yake ilikwisha na mji haukuwa na umeme. Papa aliambiwa kwamba ninakuja. Aliomba anyolewe ndevu na kuvishwa shati, akaomba abebwe na kuwekwa kwenye kiti mbele ya nyumba, na kila injini iliposikika kutoka upande wa Kisangani aliwaambia wamwinue aone. Alikufa jioni ya kuamkia siku tuliyofika. Walimzika asubuhi, kwa sababu ya joto.