Kiko Nilichomchongeshea Baba

Mimi ni mwoga wa kununua. Wenzangu huogopa mbwa, wengine huogopa kupanda ndege; mimi naogopa kusimama mbele ya kabati la duka na kuambiwa nichague. Kwa hiyo kiko cha baba kilipotoboka kitako na kumuunguza kiganja, na kaka yangu akanipigia simu kutoka Nairobi kusema safari hii tumtafutie kiko cha maana, na kwamba mimi ndiye niliye karibu, nilianza kutafuta udhuru kabla hata sijavaa viatu.

Baba alikuja Mombasa akiwa kijana kutoka bara, akaandikwa kazi bandarini, akawa karani hadi alipostaafu. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa akivuta kiko chenye jina la kampuni lililopigwa muhuri ubavuni, na baba alilisoma jina hilo kila mkubwa alipoinama kutia saini. Tangu hapo hajaacha kulitaja. Mama, alipokuwa hai, alimtania kwamba angepata mke mwenye muhuri ubavuni labda angetulia.

Duka moja mjini lilikuwa nacho kiko cha kampuni hiyo, kimelazwa kwenye kisanduku chenye kitambaa laini. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu mwenye duka alinipa nikishike, nikakigeuza, nikauona muhuri. Niliuona umepinda. Inawezekana haukupinda, ni macho yangu yaliyokuwa yakitafuta kasoro, lakini wazo likaniingia na halikutoka: hiki ni bandia. Mombasa hii tumeuziwa saa, viatu na simu, vyote vyenye majina makubwa, na vyote vimetufia mkononi. Nikamwona baba akikiwasha mbele ya wazee wenzake wa kanisani, muhuri unabanduka kama rangi ya kucha, nao wanajifanya hawajaona. Aibu hiyo ya baba niliiogopa sana. Nikarudisha kiko, nikasema nitakuja kesho, na mwenye duka akajua siji.

Wiki hiyohiyo nilipita Mji wa Kale nikakuta ile nyumba aliyopanga baba chumba chake cha kwanza inatengenezwa. Alikuwa ametuonyesha tangu tukiwa wadogo, kwamba mlango ule wa chini ndio aliokuwa akiuegemea baada ya kazi, akivuta na kuwaza kwao. Sasa mlango ulikuwa umetolewa, na mwimo wake, ule ubao wa kando unaoshika bawaba, ulikuwa umelazwa kwenye kifusi. Ulikuwa mweusi na mzito. Niliwaomba mafundi kipande wakanikatia. Nilijiona mwerevu kupita kiasi, maana hakuna tapeli duniani anayeweza kughushi mlango ambao baba yangu aliuegemea.

Nilikipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza masanduku na milango, kwenye uchochoro ambao tuktuk huingia kwa kujibana. Aliwahi kuwachongea wageni viko vya mpingo, na papo hapo akanitolea kipande cha mpingo kilichokauka vizuri. Nikamwambia sitaki mpingo, nataka huu. Akaunusa. Akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa tena.

“Mwanangu, huu ni mti wa mlango. Umetiwa dawa?”

“Haujatiwa,” nilisema.

Sikuwa najua. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani mpaka leo: sikuwa najua, na sikusema sijui. Niliogopa kwamba nikisita atanirudishia kipande changu, nami nitalazimika kurudi kwenye lile kabati la kioo. Mzee alisema yeye ni mtu wa masanduku, na sanduku halivutwi, kwa hiyo analichukua neno langu. Nikamhakikishia mara ya pili, tena kwa sauti ya mtu aliyeudhika.

Kwa siku nne nilikaa kwenye kigoda chake nikimlinda. Ndiyo, nilimlinda mzee wa watu, nisije nikabadilishiwa mti. Nilimtazama akitoboa, akichonga, akipiga msasa, akipaka nta kwa kitambaa, na kila alipoinuka kwenda kuswali nilikikagua kile kiko kama bado ni kilekile. Kilikuwa kizuri. Kilikaa mkononi vizuri, na upande mmoja kulibaki alama ndogo ya msumari wa bawaba ambayo nilimwomba asiiondoe.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Tudor, kwenye fleti ya baba, nikampa. Nilipomwambia mti umetoka wapi, aliipapasa ile alama ya msumari kwa kidole gumba, akairudia tena. Kisha akajaza tumbaku, akawasha. Nilimsogelea hata nikawa karibu kumkalia magotini.

“Baba, ni kitamu?”

Akavuta tena polepole. “Kitamu, mwanangu. Kitamu sana.”

Nilimpiga picha nikamtumia kaka, ili ajue kati yetu ni nani mwenye akili.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa mwenye ile nyumba, maana mti niliuchukua bila yeye kujua, na dhambi ndogo hazinipi raha. Ni bibi mmoja mtu mzima, mpole. Nilimpa shikamoo, tukaulizana hali, za nyumbani, za watoto, za joto, akaagiza chai. Heshima za Mji wa Kale haziharakishwi. Kikombe cha kwanza kilikuwa kimefika nusu ndipo nikaeleza habari ya kiko. Akakiweka kikombe chake chini.

“Mwimo wa mlango wa tini?”

“Ndio huo wa chini, Bibi.”

“Ule twautia dawa ya mchwa mwaka hata mwaka. Na safari hii nalimwaga kopo zima, wasitoke, ndipo nikaung'oa. Mwanangu, huyo babako yuko wapi?”

Sikumbuki kama niliaga. Nakumbuka niko kwenye tuktuk, simu sikioni, inaita mpaka inakatika. Baba huiacha simu chumbani ikichaji, nalijua hilo, nimemgombeza kwa hilo miaka na miaka, lakini siku hiyo kila mlio usiojibiwa ulinithibitishia kwamba amekwisha. Karibu na Buxton magari yalisimama, na dereva akanigeukia kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia baba yangu anavuta dawa ya mchwa. Hakuelewa, lakini alipanda ukingo wa barabara akapita. Niliomba Mungu maneno ambayo sikuyamaliza. Na naona haya kuandika hili, ila ndivyo ilivyokuwa: katikati ya kuomba nilikuwa natunga nitakachomwambia kaka.

Nilipanda ngazi kwa mikono na miguu. Baba alikuwa roshani, kwenye kiti chake, kichwa kimeangukia bega, mate yamemchuruzika mpaka kwenye ukosi wa shati. Kiko kilikuwa kifuani. Nilikigusa, kilikuwa bado na joto. Nilimwita, kimya. Nikamwita tena nikimshika uso, na jasho lake lilikuwa baridi. Nikapiga magoti. Mara ya tatu akafumbua macho na kuniuliza kwa ulimi mzito mbona nina kelele hivyo, nimefukuzwa na nini.

Dereva wa tuktuk alinisaidia kumshusha. Hospitalini daktari alimmulika macho, akaninyang'anya simu niliyompigia yule bibi, ambaye namba yake nilipewa na mafundi, na kumtaka amsomee maandishi ya kopo, herufi kwa herufi, naye bibi akayasoma huku analia. Kisha wakamchoma sindano, wakamtundikia maji, wakaniambia nikae nje. Kwenye benchi nilikuwa nimekishika kile kiko ndani ya mfuko wa plastiki, wamekitaka wakione, na nilikuwa nakiogopa kana kwamba kitaruka. Baadaye daktari alitoka, akasema tumemuwahi. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, kama najua kwamba tumbaku yenyewe ni sumu. Niliutazama ule mfuko wa plastiki. Siku zote zile nilikuwa nimeogopa muhuri.

Siku ya tatu baba aliweza kuketi. Nikamweleza yote: kuhusu lile duka, kipande cha mti, na jinsi nilivyomdanganya fundi. Fundi mwenyewe, niliyempelekea habari, alikuwa amefika asubuhi hiyo, ameshika kofia yake mkononi, akamwomba baba msamaha kwa kosa langu, na sijapata kujichukia kama nilivyojichukia nikimsikiliza. Baba alinisikiza mpaka mwisho akitazama dirishani.

“Nilijua kina kitu,” alisema. “Tangu nilipokiwasha. Kilikuwa chungu, kinachoma ulimi. Jumatatu kichwa kikaanza kuzunguka.”

“Sasa kwa nini uliendelea kuvuta, Baba?”

“Uliniuliza umenikazia macho namna ile. Nikakwambia kitamu. Nikishasema kitamu, nitakuambia nini kesho yake ukija ukakuta sikivuti?”

Nilitaka kumfokea. Badala yake nililia, kwa hofu zaidi kuliko huruma, kwa sababu nilielewa kwamba angeendelea. Angekivuta Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada angekivuta mbele yangu na kukisifu. Hakuna dalili ambayo ningeiona usoni kwake. Wala hakuwa akinificha kwa ubaya.

Sasa amepona. Kaka alitaka tumnunulie kile cha dukani, baba akasema hapana, ametosheka na viko. Mimi ndiye sijapona. Juzi nilimpelekea samaki wa kupaka, akala wote, akasema ni watamu sana. Nikabeba sahani mpaka jikoni, nikafunga mlango, nikaulamba mchuzi uliobaki, tone kwa tone, nikitafuta uchungu.