Sakafu Iliyomuuma Mama Mkwe

Laiti ningesema hapana. Neno dogo vile, lakini siku ile shemeji yangu Ngabu aliponiuliza, "Tutie vyote viwili?" mimi nilijibu, "Ndiyo, tutie," na kwa ndiyo hiyo nikajiaibisha mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, aibu ambayo hata leo, mzee wa mvi, nikiikumbuka najifunika uso kama bibi harusi.

Nianze na mama mkwe. Jina lake silitaji (kwa desturi ya upande wa mke wangu, mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina, hamtazami usoni, na kumgusa ndiyo usiseme kabisa), lakini sijapata kuona mwanamke wa heshima kama yule. Alikaa Fataki, juu kwenye ukungu, magoti yanamsumbua, na sisi tulitaka ahamie kwetu Bunia, karibu na hospitali. Alikuja kujaribu. Akakataa kiti, maana katika nyumba ya mkwe mama mzima hukaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, nyuma ya kikwembe kilichotundikwa ili tusionane. Sakafu yangu ilikuwa simenti laini, fahari yangu, na baridi kama tumbo la chura. Baada ya siku chache akamwambia mke wangu:

"Veronika, umuambie mukwe wangu nyumba yake iko muzuri sana. Lakini simenti inaniuma. Siye kule tuko na udongo, na udongo hauume mutu. Nitarudi siku simenti yake itaacha kuuma."

Sasa mwanaume akisikia maneno kama hayo, atalala?

Ngabu, mdogo wake Veronika, alikuwa fundi wa mitambo kwenye migodi ya dhahabu ya Kilo, na kule aliwasikia wazungu wakisimulia nyumba za kwao ambazo joto hutoka chini ya sakafu. Ziko namna mbili, akanieleza, amechuchumaa uani akichora kwa kijiti. Ya kwanza, waya za umeme (courant, tunavyoita) ndani ya simenti: unabonyeza, joto linakuja upesi, ila umeme wa Bunia ukienda (na tabia yake tuliijua), joto nalo limeenda. Ya pili, mabomba ya maji ya moto yanayozunguka chini ya simenti kutoka kwenye pipa linalochemshwa nje kwa kuni: kazi nyingi, lakini simenti ikishapata moto haipoi haraka.

"Weye unapenda gani, shemeki?"

"Ya maji," nilisema. Ningenyamaza hapo, ningekuwa mtu mwenye akili mpaka leo.

"Na mvua ikilowesha kuni? Tutie vyote viwili. Courant ikienda, maji iko. Maji ikipoa, courant iko. Mama hatasikia baridi hata siku moja."

Ngabu alimpenda mama yake, na mimi nilipenda kusifiwa. Ndiyo, tutie.

Alifanya kazi ya kupendeza, nisimsingizie: mabomba yamejipinda kama nyoka aliyelala, waya katikati yake, na simenti juu inang'aa kama sahani. Majirani walikuja kuvua viatu mlangoni kwangu ili wakanyage, wakiniita raia kwa Kifaransa cha enzi zile. "Citoyen, weye uko na Ulaya mu nyumba!" Nikavimba, nikatuma habari Fataki: simenti imeacha kuuma, mje wote.

Wakaja, mama mkwe, mashangazi, na mjomba wa Veronika, mzee mnene mwenye fimbo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, basi Ngabu akaenda nje kuchochea kuni. Nyuma ya kikwembe nikasikia sauti: "Eeh! Veronika, ni jua iko chini ya hii nyumba?" Mashangazi wakapiga vigelegele, nami, badala ya kutosheka, nikatoa kichwa dirishani: "Ngabu, ongeza!"

Akaongeza. Pipa likachemka kupita kiasi, kiungo kimoja cha bomba kikaachia ndani ya simenti, maji yakaanza kupenya polepole chini ya mikeka, na wageni wakaona haya kusema (nani atawaambia wakwe kwamba kalio limelowa?), wakajisogeza tu huku wanatabasamu. Hapo ndipo mtaa mzima ulipopiga kelele ya furaha: "Courant imerudi!"

Bunia tuna desturi: umeme ukikatika, swichi ya taa huizimi, unaiacha ili taa yenyewe ikuambie umerudi. Ya sebule niliiacha. Na ya sakafu nikaiacha pia, na sasa umeme uliingia kwenye maji yale.

Shangazi wa kwanza aliruka, wa pili akamrukia wa kwanza, na mjomba, na unene wake wote, akawa juu ya meza: "Citoyen! Nyumba yako inauma batu!" Nami, siafu wa moto wananitambaa nyayoni, nikicheza ngoma isiyo na mpigaji, nikamsikia mama mkwe akilia, "Yoo! Magoti yangu!" Hawezi kusimama. Sikufikiri. Nilipasua kikwembe, nikambeba mikononi kama mtoto, nikakimbia naye mpaka uani, mbele ya ukoo wote na majirani waliokuwa bado wanashangilia umeme.

Veronika, aliyevaa kandambili za plastiki, alikuwa amekwisha kuzima swichi. Ngabu alisimama na ukuni mkononi, mdomo wazi. Mama mkwe akajifunika uso kwa kitambaa chake, palepale mikononi mwangu, akasema kwa utulivu:

"Veronika, umuambie mukwe wangu anishushe. Umuambie pia joto yake nimeisikia. Yote."

Hakunilaani. Malkia gani angeweza vile, nguo zimelowa?

Lakini kwa desturi, mkwe aliyemgusa mama mkwe halali naye tena chini ya paa moja mpaka ampelekee kondoo na wazee wakae kikao cha kumsamehe. Jioni ile wakarudi Fataki. Bunia nzima ikaniita Citoyen Sakafu, nami nikaona haya kupanda kule, nikangoja watu wasahau, nikangoja mvua zikatike, na nilipompeleka kondoo mwishowe, mama mkwe aliuliza nyuma ya kikwembe kipya: "Huyu naye anauma?" Wazee wakaangua kicheko, nikasamehewa. Ila kufikia siku hiyo magoti yake hayakuweza tena kupanda lori la kuja Bunia.

Sakafu tuliibomoa. Tangu hapo mtu akiniuliza hiki au kile, nachagua kimoja. Mama mkwe alifia Fataki, mbali na hospitali, na Veronika alipata habari kwa dereva wa lori la viazi. Ndiyo yangu ile ilimnyima mke wangu miaka ya mwisho ya mama yake.